Waridi la jangwani limeoza masika, na lililobaki halichanui

Msomaji wa Dodoma ametuandikia mwezi huu wa Mei: "Mwaka jana nilinunua kitaluni miche mitatu ya waridi la jangwani ikiwa na maua. Nikaihamishia kwenye ndoo za plastiki, udongo mwekundu wa hapa nyumbani na samadi ya kuku. Mwezi Februari miwili ililainika shina, ikanuka, ikafa. Wa tatu niliuingiza barazani. Una majani mengi, matawi marefu, ua hakuna. Mbele ya nyumba nina eneo tupu la mita 6 kwa 4, na maji nanunua. Je, naweza kulipanda ardhini? Na mbegu zake nitazipataje?"

Ndugu, miche yako miwili iliuawa na maji, na aliyeyashika maji hayo ni ule udongo mwekundu. Tuanzie hapo, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yote, ardhini au kwenye ndoo, yatakuwa mepesi.

Waridi la jangwani, Adenium obesum, ni kichaka cha nchi kavu kinachopatikana kuanzia Senegali kupitia ukanda wa Saheli hadi Somalia, kikashuka Kenya na Tanzania, na ng'ambo ya pili kipo Yemeni na Omani. Kwetu utakikuta nyika za Tsavo na Mkomazi, na kaskazini kuzunguka Baringo. Angalia kinapoota: penye mawe, miteremkoni, kwenye mchanga wenye kokoto. Mvua hupiga hapo, na nusu saa baadaye maji yameshapita. Kile kibonge cha chini, ambacho hapa nitakiita tumbo, ni ghala la maji. Mizizi ikiyapata huyavuta haraka, halafu inataka hewa. Udongo mwekundu wa bustani ndani ya ndoo ya plastiki hauna hewa baada ya mvua tatu mfululizo. Mizizi inakosa pumzi, inakufa, vimelea vya kuoza vinaingia kwenye mizizi iliyokufa, vinapanda tumboni. Samadi ya kuku iliongeza tatizo: ina naitrojeni nyingi na chumvi, inaunguza mizizi michanga na kulainisha nyama ya shina. Na kama ulihamisha miche ukamwagilia siku ileile, vidonda vya mizizi havikupata muda wa kukauka. Shina linaponuka, ujue kazi ilishaisha chini wiki kadhaa nyuma.

Watu wengi wakishaozesha mche mmoja hugeuka kuwa wachoyo wa maji, na hilo nalo ni kosa. Jina la jangwa linadanganya. Kwenye joto la Septemba hadi Desemba, mti wenye majani unakunywa sana, na ukinyimwa utaishi, ila hautakua wala kuchanua inavyotakiwa. Kinachouua ni maji yanayokaa, hasa wakati wa baridi ukiwa umelala.

Sasa huo mche wa tatu. Dalili ulizoandika zina sababu mbili za wazi: kivuli na naitrojeni. Barazani unapata mwanga, lakini jua la moja kwa moja huenda ni saa moja au mbili za asubuhi. Unahitaji jua kamili saa 6 kwa siku kwa uchache. Ukikosa jua, matawi hurefuka kutafuta mwanga, na majani hubaki mapana na ya kijani kilichokolea. Samadi ya kuku inausukuma kwenye majani zaidi. Usiutoe barazani ukauanika jua la saa sita mchana siku hiyohiyo, maana gome laini litababuka na kidonda cha jua upande mmoja hakiponi vizuri. Anza na jua la asubuhi tu wiki ya kwanza, ongeza saa mbili wiki ya pili, na wiki ya tatu uache kutwa nzima.

Kuukata usiukate sasa. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku wa Dodoma una baridi, mti unapunguza kasi, na mti uliolala hufunga vidonda polepole. Majani yakigeuka njano na kudondoka mwezi wa saba usishtuke. Kazi yako kipindi hicho ni kupunguza maji: kwenye ndoo ya lita 20, lita moja kila wiki mbili au tatu inatosha, mimina asubuhi. Ukiwa hauna jani hata moja, nusu ya hapo.

Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, ukiona vichipukizi vidogo kwenye ncha, ndipo unapogoa. Vaa glavu (nitaeleza kwa nini). Pangusa mkasi kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohama mti. Kata kila tawi refu ubakize sentimita 10 hadi 15 kutoka tumboni, mkato uwe mshazari ili maji yateleze. Pakaa jivu safi au unga wa salfa kwenye mikato minene, na usiilowanishe kwa wiki nzima. Kila tawi ulilokata litatoa machipukizi mawili, matatu, pengine manne, na maua hutokea kwenye ncha za matawi mapya. Ndiyo maana mti usiopogolewa unakuwa na maua machache juu ya fito ndefu. Ukipogoa Septemba, tegemea maua kati ya Novemba na Desemba.

Kagua kitu kimoja kabla ya kukata: je, mche ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya shina la mche mwingine? Miche mingi ya kitaluni yenye maua makubwa au yenye tabaka nyingi za petali imebebeshwa juu ya shina la mbegu. Utaona kovu la mviringo au la umbo la V sentimita chache juu ya tumbo, na gome la juu na la chini hutofautiana kidogo. Kata juu ya kovu. Chipukizi lolote linalotokea chini yake ling'oe kwa kidole likiwa bado changa. Ukiliacha litanyonya nguvu, na miaka miwili baadaye utashangaa ua lako la rangi mbili limekuwa la waridi la kawaida.

Tuje ardhini. Ndiyo, Dodoma inafaa kabisa, kuliko hata Dar es Salaam ambako mvua ni nyingi na unyevu hewani hauishi. Mvua yenu ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, halafu miezi mingi ya ukavu, ndiyo ratiba ya mti huu porini. Lakini usichimbe shimo. Shimo ndani ya udongo mzito, hata ukilijaza mchanga, ni beseni: maji ya mvua yatatoka pande zote kuja kukaa humo. Jenga tuta juu ya ardhi badala yake.

Tuta la mti mmoja liwe na upana wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 35 hivi katikati. Lainisha ardhi ya chini kwa jembe, panga mawe ya ukubwa wa ngumi tabaka moja, kisha mwaga mchanganyiko. Vipimo kwa ndoo:

– ndoo 4 za mchanga wa mto wenye chembe kubwa
– ndoo 4 za kokoto ndogo au changarawe, ukubwa wa punje ya maharage
– ndoo 2 za udongo wa hapohapo
– ndoo 1 ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyoiva, iliyokaa angalau miezi sita na isiyo na harufu

Hiyo ni ndoo 11, na kwa ndoo za lita 20 ni lita 220 kabla haijashikamana. Inatosha tuta moja. Mchanga wa kupigia plasta haufai, ni laini mno na hujishika kama simenti. Wa bahari una chumvi. Ukiwa na shaka, pitisha mchanga kwenye wavu wa mbu wa dirishani: unaopita utupe kwenye njia, unaobaki ndio wako. Kisha jaza mchanganyiko kwenye chungu chenye matundu, lowanisha mara moja, halafu mimina lita moja ya maji na uhesabu. Ukifika kumi na bado kuna maji yamesimama juu, ongeza kokoto.

Kwenye mita 6 kwa 4 usizidishe miti sita, umbali wa mita 1.5 hadi 2 kati ya mmoja na mwingine. Mti unaweza kufika mita mbili kwa urefu na tumbo likapanuka kila mwaka, na uzuri wake uko kwenye umbo, hivyo ukibanana haupendezi. Nafasi za katikati jaza mishubiri na katani za mapambo ambazo zinakubali ratiba hiyohiyo ya maji. Maua ya kumwagilia kila siku yasikae hapo kabisa.

Kuhusu wakati, hapa ndipo mazoea yanapowaponza watu. Tumezoea kupanda mvua ikinyesha. Mti huu upande Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, joto limerudi na ardhi ni kavu, ili mizizi iwe imeponya vidonda na kusambaa kabla ya mvua za Desemba. Utoe kwenye ndoo, kung'uta udongo wote wa zamani (kwa mti wako huo hili ni la lazima, usihamishe tope jekundu kwenda kwenye tuta jipya), kata mizizi iliyovunjika au yenye rangi ya kahawia iliyolainika, uutundike au uulaze kivulini penye upepo siku tatu hadi tano. Utanyauka kidogo, hiyo ni sawa. Upande kwenye mchanganyiko mkavu, bega la tumbo likiwa juu ya usawa wa udongo sentimita mbili au tatu. Egemeza kwa mawe usiyumbe na upepo. Maji ya kwanza mpe baada ya siku saba. Juu ya tuta tandaza kokoto unene wa sentimita 3 hadi 5. Zinazuia udongo usimomonyoke na zinaweka shingo ya mti kavu. Majani makavu au nyasi za matandazo hapa hazifai, zinashika unyevu kwenye tumbo na kuficha wadudu.

Maji, kwa kuwa unanunua. Mti uliopandwa ardhini na kushika, kuanzia Septemba mpaka mvua zianze, mpe lita 8 hadi 10 kila siku kumi au kumi na mbili. Mimina polepole kuzunguka ukingo wa tuta, sentimita 30 kutoka kwenye shina, ndipo mizizi ya kunywa ilipo. Miti sita ni takriban lita 150 kwa mwezi, madumu saba na nusu. Maji ya kusuuzia mboga au mchele yanafaa. Ya sabuni ya unga hapana. Msimu wa mvua usimwagilie kitu, na Juni hadi Agosti ule wa ardhini unaweza kukaa bila tone, ukadondosha majani ukapumzika. Kwenye chungu hesabu ni tofauti: cha kipenyo cha sentimita 30 kinahitaji lita mbili kila siku nne au tano wakati wa joto, yaani mpaka maji yatoke chini, na usiweke kisahani. Kabla ya kumwagilia choma kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umeganda, ahirisha. Maji ya kisima Dodoma mara nyingi yana chumvi. Ukiona ncha za majani zimekauka kahawia na utando mweupe wa chumvi kwenye kingo za chungu, mara moja kwa mwezi mimina maji mengi kuliko kawaida yapite yote, au tumia mvua ya kwanza kubwa kuosha, halafu urudishe vyungu chini ya upenu.

Tumbo lenyewe ni kipimo kizuri. Libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu, lina maji. Likilainika pande zote sawasawa na ngozi kukunjamana, lina kiu, na ukilimwagilia litajaa ndani ya siku chache. Likilainika sehemu moja tu, hasa chini au upande mmoja, na rangi imekolea kama palipolowana, ni uozo. Hapo hakuna cha kusubiri. Ng'oa mti, osha, chukua kisu kikali kilichopanguswa spiriti, na ukate nyama yote iliyoharibika. Usikate kwa huruma: endelea mpaka uone nyama nyeupe bila doa wala mstari wa kahawia, kwa sababu doa dogo kama kichwa cha kiberiti litaanza upya. Pangusa kisu kila baada ya mkato. Pakaa unga wa salfa au dawa ya ukungu yenye shaba, ning'iniza mti kivulini mpaka kidonda kiwe kikavu na kigumu, siku 10 hadi 14 kwa kidonda kikubwa. Kisha panda kwenye mchanga na kokoto bila mboji. Hata mti uliobaki bila mzizi mmoja unaweza kurudi, mradi nyama iliyobaki ni safi na hali ya hewa ni ya joto. Mwezi Julai bahati hiyo ni ndogo.

Mbolea ni kidogo tu. NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwenye chungu cha sentimita 30, kijiko kimoja na nusu kwa mti wa ardhini, mara moja Septemba na mara moja Novemba, baada ya kumwagilia na mbali na shina. Yurea na CAN, ambazo ni mbolea za naitrojeni, ziache kwenye mahindi. Baada ya Machi usiweke chochote, usije ukaingiza mti kwenye baridi ukiwa na matawi laini.

Wadudu utakaokutana nao ni vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye kona za matawi na wakati mwingine kwenye mizizi, na utitiri wakati wa upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba: majani yanapoteza rangi kwa vidoa vidogo na chini yake kuna utando mwembamba. Wote wawili, nyunyizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, chini ya majani, rudia kila siku tano mara tatu. Vidung'ata vichache vinatolewa kwa pamba yenye spiriti. Kuna pia kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho karibu na kichwa, mtoto wa nondo Daphnis nerii. Usiku mmoja anamaliza majani ya tawi zima. Huyo muokote kwa mkono uliovaa glavu.

Glavu ni kwa sababu ya utomvu. Kila sehemu ya mti huu ina sumu inayoshika moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanachemsha utomvu wa mti wa jamii hii kupata sumu ya kupaka mishale ya kuwindia wanyama wakubwa, kwa hiyo si jambo la kutania. Usishike macho wala chakula kabla hujanawa kwa sabuni. Matawi uliyopogoa usiwatupie mbuzi, usikokee moto wa jikoni wala usichongee vijiti vya mishikaki, yafukie. Kama una mtoto anayetambaa, vyungu vikae juu. Mtu akitafuna, mpelekeni hospitali mara moja na kipande cha tawi mkononi ili daktari ajue anashughulika na nini, msimtapishe nyumbani.

Mwisho, mbegu. Matawi uliyopogoa yanaweza kuota ukiyakausha siku tano na kuyachomeka kwenye mchanga, lakini mara nyingi hayatoi tumbo nono kama la mche wa mbegu. Kwa mbegu unahitaji miti miwili isiyo ya ukoo mmoja, kwa sababu mti mmoja kwa kawaida haujichavushi, na ndiyo sababu wenye mti mmoja mara nyingi hawaoni tunda. Wadudu wanafanya kazi hiyo mara chache bustanini, hivyo tumia mkono. Chana ua upande mmoja mpaka uone kikoni kidogo katikati. Fungua ncha yake kwa sindano, ndani kuna chavua ya njano iliyofifia. Ichukue kwa brashi nyembamba, uipenyeze kwenye ua la mti mwingine kupitia upenyo ulio chini ya kikoni. Fanya maua kumi, ukipata matunda mawili shukuru. Tunda ni pembe mbili zilizoungana, linakomaa kwa miezi mitatu hivi, kisha linapasuka ghafla na mbegu zenye manyoya ncha zote mbili zinapeperuka. Kwa hiyo likianza kubadilika rangi lifunge uzi sehemu tatu au livishe soksi ya nailoni.

Sia mbegu zikiwa mpya, Septemba au Oktoba. Ondoa manyoya, loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa tatu, zilaze kwenye mchanga na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu, funika nusu sentimita. Weka penye kivuli chepesi na joto, udongo uwe na unyevu bila kuloa. Zitatokeza kati ya siku ya tatu na ya kumi. Miche ikiwa na majani sita ihamishie kwenye viriba, kila mmoja peke yake. Miezi mitatu ya kwanza haina ghala bado, kwa hiyo usiikaushe kama mikubwa: maji kidogo kila baada ya siku mbili, na mvua kubwa isiipige. Kila unapohamishia chungu kipya, inua tumbo sentimita mbili juu ya udongo, nalo litanenepa upande ulio wazi. Maua ya kwanza huja mwaka mmoja hadi miwili baadaye, na rangi yake hutaijua mpaka yachanue, hata kama baba na mama wote ni wekundu. Anayekuuzia pakiti ya mbegu yenye picha ya ua jeusi au la buluu, mpite.